Rifandi ya kodi TRA inachukua muda gani na kwa nini inachelewa: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Dodoma

Kila mwaka ikishapita tarehe 30 mwezi wa sita, watu wakishapeleka ritani zao za mwaka (taarifa za mapato na kodi), simu yangu haitulii. "Dada, nimeona kwenye ritani nimelipa zaidi, hiyo hela inarudi lini?" Mwingine anauliza VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwaka jana mbona kimya, mwingine amekatwa kodi ya zuio, ile anayokukata mnunuzi kwenye malipo yako, na taasisi tatu za serikali kule Mtumba na faida yenyewe haikufika hata robo ya alichotegemea. Mimi natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo na wa kati hapa Dodoma, kuanzia maduka ya Majengo na Sabasaba mpaka wakandarasi wa Nzuguni na wanaokamua alizeti huko Kibaigwa na Singida, na maswali haya nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Jibu fupi ni hili. Sheria inampa Kamishna Mkuu wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, siku 90 kutoa uamuzi tangu apokee maombi yako. Uamuzi, sio hela mkononi. Na hizo siku 90 zina muda mwingine mbele yake na mwingine nyuma yake ambao watu hawauhesabu, ndo maana mtu anaona amesubiri mwaka mzima wakati kwenye karatasi maombi yake yana miezi mitatu tu. Nitaeleza vyote viwili, ila sehemu ambayo naomba uisome taratibu ni ile ya sababu za kuchelewa, kwa sababu nyingi zinaanzia dukani kwako na sio kwenye ofisi ya kodi.

Kwanza jua hela yako ni ya aina gani

Watu wanasema "rifandi" kama vile ni kitu kimoja. Sio kimoja. Kila aina ina njia yake na muda wake, na ukianza njia sio yenyewe umepoteza miezi.

Kama wewe ni mwajiriwa tu na huna biashara, kodi yako ni PAYE, ile inayokatwa kwenye mshahara, na huna ritani ya mwaka unayopeleka mwenyewe, mwajiri ndo anakata na kupeleka. Kwahiyo kama umekatwa zaidi, wa kwanza kumuona ni mhasibu wa kazini kwako, sio TRA. Kosa ninaloliona sana ni mhasibu kukokotoa kodi kwenye mshahara wote bila kutoa kwanza mchango wa NSSF. Chukua mshahara wa milioni 1. Mchango wako wa asilimia 10 ni laki 1, inabaki 900,000 ya kukatwa kodi. Hapo PAYE ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, yaani 35,000, jumla 103,000. Asipotoa mchango anakukata 128,000. Tofauti ni 25,000 kila mwezi, kwa mwaka ni laki 3 ya mtoto wa mtu inayopotea kimya kimya. Hii ikigundulika mapema mwajiri anarekebisha kwenye mishahara inayofuata na ndani ya mwezi mmoja au miwili umeshaipata, hakuna rifandi ya haraka kuliko hiyo. Kwahiyo soma salary slip yako, hata kama unaona aibu kuuliza, uliza.

Aina ya pili ni kodi ya mapato ya biashara uliyolipa kwa makadirio. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda tunalipa kwa awamu nne, mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, halafu ritani kamili ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. Biashara ikienda chini ya makadirio, umelipa zaidi. Na hapa hapa ndo inaingia kodi ya zuio, na kwa sisi wa Dodoma hii ndo kubwa, maana tangu serikali ihamie hapa rasmi watu wengi wanauza kwa wizara na taasisi. Ukiiuzia serikali bidhaa unakatwa asilimia 2 ya malipo, ukitoa huduma asilimia 5. Hizo zinakatwa kwenye mauzo na sio kwenye faida, kwahiyo mwenye faida nyembamba anakatwa zaidi ya kodi anayodaiwa.

Mfano. Mama mmoja anauza stationery, mauzo yake serikalini kwa mwaka ni milioni 150. Amekatwa asilimia 2, ni milioni 3. Faida yake baada ya gharama zote ni milioni 12, na kwa viwango vya mtu binafsi kodi ya hiyo faida ni 1,536,000. Afu kumbuka alishalipa makadirio ya 400,000 kila awamu, yaani 1,600,000, bila kukumbuka kwamba serikali ilikuwa inamkata huku. Jumla amelipa 4,600,000 kwa deni la 1,536,000. Imezidi 3,064,000. Kwa duka la stationery hiyo ni mtaji, ni rimu za karatasi stoo nzima.

Aina ya tatu ni VAT, nayo ndo ndefu na ndo yenye kelele nyingi. Hii inawahusu waliosajiliwa, na usajili wa lazima siku hizi ni kwa mwenye mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Pale VAT uliyolipa kwenye manunuzi inapozidi VAT uliyokusanya kwenye mauzo, tofauti ni yako.

Ya nne ni malipo yaliyokosewa, umelipa kontro namba mara mbili, au umelipia aina ya kodi ambayo sio. Hii usiibebe kama rifandi kubwa. Nenda na ushahidi wa benki mapema, mara nyingi inamalizwa kwa kuhamisha malipo kwenda kwenye kodi husika.

Muda wenyewe, tuhesabu kwa kalenda

Tuchukue VAT maana ndo inayochanganya. Mtu ananunua nondo na saruji mwezi wa kwanza za milioni 100 kabla ya VAT, analipa VAT milioni 18. Mwezi huo huo anaandika ankara ya kazi ya milioni 70, VAT yake milioni 12.6. Kwenye ritani anayopeleka kufikia tarehe 20 mwezi wa pili inaonekana anaidai serikali milioni 5.4.

Wengi wanadhani hapo hapo anaomba. Hapana. Kwa mfanyabiashara wa kawaida hiyo ziada inabebwa mbele, inapunguza VAT ya miezi 6 inayofuata. Mwezi wa pili mpaka wa saba. Kama kwa muda wote huo haijaisha, ndo anaweza kuomba kilichobaki. Ritani ya mwezi wa saba anaipeleka tarehe 20 mwezi wa nane, anaomba siku hiyo hiyo, siku 90 zinamfikisha kama tarehe 18 mwezi wa kumi na moja. Yaani hela ya mwezi wa kwanza inapata uamuzi mwezi wa kumi na moja hata kama kila mtu amefanya kazi yake sawasawa bila kuchelewa hata siku moja. Ukiwa umekopa benki kununua zile nondo, riba imeshakula sehemu nzuri ya hiyo hela. Nalisema hili sio kumlaumu mtu, nalisema ili usije ukapanga kulipa mishahara ya mwezi wa tano kwa hela ya VAT.

Kuna wanaoruhusiwa kuomba bila kusubiri hiyo miezi 6. Hao ni wale ambao nusu au zaidi ya mauzo yao yanatozwa VAT ya asilimia sifuri, na wanaojulikana zaidi ni wauzaji nje. Kama unakamua alizeti na mashudu unayasafirisha nje ya nchi na ndo biashara yako kubwa, kaa na mshauri wako muangalie kama unaingia kwenye kundi hili, maana tofauti yake ni nusu mwaka mzima wa mtaji wako. Watu wapo kwenye kundi hilo na hawajijui.

Kwa kodi ya mapato hamna kusubiri miezi 6 ya kubeba, lakini kuna kusubiri mwaka uishe na hesabu zifungwe. Hapa mtu anajichelewesha mwenyewe. Mwaka unaisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, ritani unaweza kupeleka mwezi wa tatu kama vitabu vipo sawa, yeye anakuja na boksi la risiti tarehe 25 mwezi wa sita. Miezi mitatu imeenda hapo.

Na usisahau upande wa pili, mlango nao unafungwa. Kodi uliyolipa zaidi unatakiwa uiombe ndani ya miaka 3 tangu uilipe. Na VAT ya manunuzi usipoidai kwenye ritani ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya ankara, imekufa, hairudi tena kwa njia yoyote.

Hatua ya kwanza: safisha akaunti yako kabla ya kuomba

Ingia kwenye akaunti yako ya mlipakodi mtandaoni, au nenda ofisi ya mkoa, omba uone taarifa yako yote kwa kila aina ya kodi. Sio ile unayoidai tu. Yote. PAYE ya wafanyakazi wako, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) kama inakuhusu, kodi ya zuio ya pango la fremu (asilimia 10 ambayo mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kuikata na kuipeleka, wengi wa Dodoma mjini wanaisahau kabisa), ushuru wa stempu, ritani ambazo hazijapelekwa hata kama zilikuwa za sifuri. Kwa nini? Kwa sababu kabla hujarudishiwa shilingi, ziada yako inaangaliwa kwanza kama una deni lingine, ikikutwa deni inalipa deni. Hiyo ni sheria na haina ubaya, ubaya ni pale unapokutana nayo katikati ya uhakiki, faili linasimama wakati wewe unabishana kuhusu PAYE ya mwaka juzi.

Hapo hapo angalia taarifa zako za TIN, yaani namba ya mlipakodi. Simu, barua pepe, anwani, sehemu ya biashara. Kuna kampuni niliyoanza kuitunzia vitabu baada ya kuhamia hapa kutoka Dar, walikuwa na ofisi Kariakoo, wakafuata kazi za Mji wa Serikali, wakapanga Kisasa, lakini taarifa zao zote ziliendelea kusoma za kule na barua pepe ilikuwa ya mhasibu wa zamani aliyekwisha kuacha kazi. Walipoomba rifandi wakaombwa vielelezo, ujumbe ukaenda kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua. Miezi minne wanasubiri jibu wakati wao ndo walikuwa wanasubiriwa. Kurekebisha ilikuwa kazi ya siku moja, na ingefanyika mwanzo wangeshalipwa.

Hatua ya pili: tengeneza faili, na hapa kaa

Hapa nitakaa sana kwa sababu rifandi zinakufa hapa.

Risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) ya manunuzi lazima iwe na jina la biashara yako, TIN na VRN yako, yaani namba ya usajili wa VAT. Fundi wako akienda dukani kununua mabati akarudi na risiti isiyo na jina, mbele ya ofisa wa kodi hayo manunuzi sio yako, haijalishi mabati yapo juu ya jengo na kila mtu anayaona. Nilikuwa na mkandarasi mmoja, kijana mchapakazi kabisa, kajenga uzio na nyumba za watumishi, forman wake ndo alikuwa ananunua kila kitu akiwa saiti Ihumwa. Tulipokaa kupanga faili tukakuta risiti 43 hazina TIN ya kampuni. Tukazunguka kwenye maduka, wengine wakatoa ushirikiano, wengine wakasema mashine imeshafunga hesabu ya siku ile haiwezekani tena, na nyingi zilikuwa zimeshavuka miezi 6. Kijana alinyamaza muda mrefu, afu akaniuliza, "Kwahiyo dada hiyo hela imeenda?" Imeenda. Tangu siku hiyo wateja wangu wote nawaandikia karatasi ndogo yenye jina la kampuni, TIN na VRN, kila dereva na kila fundi anatembea nayo mfukoni na haruhusiwi kulipa kabla hajaitoa.

Kitu cha pili, hakiki risiti yenyewe. Kila risiti halali ina namba ya uhakiki na alama ya kuskani, ingia verify.tra.go.tz uweke hiyo namba uone kama ipo. Fanya siku hiyo hiyo uliyonunua, kabla gari halijaondoka dukani kama inawezekana, maana risiti feki zipo na anayekuuzia anaweza kuwa na duka zuri na lugha nzuri. Ukigundua baada ya mwaka, hutampata wa kumlilia. Mteja wangu mwingine alinunua vifaa vya umeme kwa bei nzuri, risiti zote zikaonekana safi kwa macho, kwenye mfumo hazipo. Alikuwa amelipa kwa haki yake kabisa, hakujua lolote, lakini uhakiki wa faili zima ulisimama kwa ajili ya hizo risiti sita, na hata zile nzuri zikaanza kuangaliwa moja moja.

Tatu, na hii ni ya kwetu kwenye jua hili. Karatasi ya EFD inafifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari kutoka Dodoma mpaka Kondoa na kurudi, baada ya wiki mbili ni karatasi nyeupe. Piga picha au toa kopi siku hiyo hiyo, weka kwa mwezi. Kumbukumbu za biashara kisheria unatakiwa uzitunze miaka 5, na risiti ya EFD peke yake haiwezi kukaa miaka 5 ikasomeka.

Kwa VAT faili langu lina: ritani zote za kipindi husika, ankara na risiti za manunuzi zilizopangwa kwa mwezi, ankara za mauzo, taarifa za benki zinazoonyesha malipo yalitoka kweli, nyaraka za forodha kama uliingiza mzigo (ziwe na jina lako, sio la wakala wala la rafiki uliyechanganya naye kontena), na kwa muuzaji nje ushahidi kwamba mzigo ulivuka mpaka na hela ya mteja ilifika.

Kwa kodi ya mapato: hesabu za mwaka, ritani, risiti za kila awamu ya makadirio, na vyeti vya kodi ya zuio. Vyeti jamani. Taasisi ikikukata asilimia 2 au 5, usiondoke bila cheti chake. Anayekata anatakiwa apeleke ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na wewe upewe cheti. Bila cheti unakuja kudai hela ambayo kwenye mfumo haionekani kwamba iliwahi kulipwa kwa niaba yako. Na kukifuatilia baada ya miaka miwili ni mateso, mhasibu amehamishwa, idara imebadilishwa jina, voucher ipo stoo. Fuatilia cheti siku ile ile unayoona malipo yameingia benki, hata kama kwenda Mtumba ni nauli na nusu siku.

Toa pia mwenyewe vile ambavyo havistahili. VAT ya gari dogo la kutembelea na spea zake haidaiwi, burudani na kuwakirimu wageni haidaiwi, na kama sehemu ya mauzo yako yamesamehewa VAT huwezi kudai manunuzi yote, unagawanya. Mtu anachomeka risiti ya spea za gari la nyumbani kwenye faili la milioni 30, analichafua faili zima kwa VAT ya elfu 90.

Hatua ya tatu: amua kama unataka hela au unataka kupunguziwa

Huu ni ushauri wangu na nausimamia. Kama kiasi sio kikubwa na biashara yako inaendelea, usiombe hela mkononi, omba ziada ihesabiwe kwenye kodi unayokuja kudaiwa. Yule mama wa stationery na 3,064,000 zake, nilimshauri hivyo. Ilimuuma kidogo, alitaka cash, lakini ziada yake ikawa inapunguza makadirio ya mwaka uliofuata, kila awamu aliyokuwa alipe hela akawa halipi, na mtaji ukabaki dukani. Tena tukarekebisha makadirio yenyewe, tukaweka na ile kodi ya zuio anayotegemea kukatwa, ili asizidishe tena. Watu wengi hawajui kwamba makadirio unaruhusiwa kuyarekebisha katikati ya mwaka biashara ikiyumba. Mvua ikigoma huku kwetu, mahindi na alizeti hamna, mzunguko wa hela unakufa kuanzia Kongwa mpaka Manyoni, na wewe bado unalipa makadirio ya mwaka wa neema. Rekebisha mwezi huo huo unaoliona hilo.

Kuomba hela yenyewe ni sawa pale biashara inapofungwa, au kiasi ni kikubwa kiasi kwamba kodi ya miaka miwili haitakimaliza, au wewe ni muuzaji nje ambaye kila mwezi unazidisha na huna VAT ya kukatia.

Hatua ya nne: omba, na hesabu siku vizuri

Peleka maombi kwa njia ambayo ofisi yako ya kodi inaitumia, na hakikisha unabaki na uthibitisho wa tarehe yaliyopokelewa. Kama ni barua, kopi yako igongwe muhuri. Kama ni kwenye mfumo, piga picha ya skrini yenye tarehe na namba. Siku 90 zinahesabiwa kuanzia hapo, na bila tarehe huna cha kuhesabu.

Andika barua fupi ya utangulizi hata kama haijaombwa: unadai kiasi gani, kodi gani, kipindi gani, kimetokana na nini. Ukurasa mmoja. Ofisa anayefungua faili lenye risiti 400 akikuta ukurasa mmoja unaomueleza kwamba ziada imetokana na kununua mashine ya kukamulia mwezi wa tatu, anajua aanzie wapi.

Tegemea uhakiki. Kudai rifandi ni sawa na kumkaribisha mkaguzi, atakuja ofisini au stoo, ataangalia mauzo pia na sio manunuzi tu. Wengine wanaogopa hapo wanaacha hela yao, na mimi nasema kama vitabu vyako ni vya kweli usiache. Kama sio vya kweli, rekebisha ritani kwanza. Ukiombwa vielelezo jibu ndani ya siku mbili tatu, usingoje tarehe ya mwisho, na ujibu kwa maandishi.

Sababu nyingine za kuchelewa ambazo hazimo kwenye faili lako

Umefanya yote hayo na bado kuna mambo yanayokuja kutoka nje. Muuzaji wako hakupeleka ritani au hakuonyesha yale mauzo, kwahiyo wewe unadai VAT ambayo upande wake haionekani, na inabidi yeye aulizwe. Hii inachukua muda na dawa yake ni kununua kwa watu unaowajua wanapeleka ritani. Kuna msimu, ukiomba mwezi wa sita unaingia kwenye foleni na kila mtu wa nchi hii anayefunga hesabu. Kuna kiasi, dai kubwa linapita mikono mingi zaidi kuliko dogo. Na kuna hela yenyewe, maana kuidhinishwa na kulipwa ni hatua mbili, baada ya barua ya kukubaliwa bado kuna foleni ya malipo, na akaunti ya benki uliyoandika iwe ya jina lile lile la TIN. Jina la kampuni likipishana na la benki kwa neno moja, malipo yanarudi yalikotoka.

Hatua ya tano: siku 90 zimepita, ufanye nini

Usipige simu tu, andika. Barua ya kukumbushia yenye tarehe ya maombi na namba ya faili, kwa meneja wa mkoa. Nenda mwenyewe ukaulize faili lipo hatua gani na limekwama kwa kitu gani hasa, maana "bado linafanyiwa kazi" sio jibu unaloweza kulifanyia kitu, lakini "tunasubiri cheti cha zuio cha mwezi wa tano" unaweza. Nimeona mafaili mengi yakifunguka kwa swali hilo moja likiulizwa kwa heshima.

Kama unaona huduma haiendi, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, wengi wanaiita TOST, kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya walipakodi kuhusu huduma na taratibu. Kama umepewa uamuzi na hukubaliani nao, kwa mfano wamekubali milioni 2 kati ya 5, hapo ni pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu upewe uamuzi. Siku 30 ni chache mno, mtu anakaa na barua kwenye droo anasema ataishughulikia baada ya msiba au baada ya sikukuu, zimeisha. Ukishindwa hapo kuna Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani, ila kufika huko piga hesabu ya wakili na muda kwanza.

Na ukipigiwa simu na mtu anayekuambia rifandi yako ipo tayari, tuma elfu 50 ya kuifungua au mtajie namba ya siri, kata. Rifandi haifunguliwi kwa kutuma hela. Piga mwenyewe namba ya bure ya TRA, 0800780078, au panda daladala nenda ofisini na karatasi yako yenye muhuri, uliza kwa namba ya faili.